Ukoma, Rangi za Maji na Mkono Wangu wa Kulia

Kabla sijaugua, watu walikuwa wanakuja kwenye mashine yangu ya kukoboa mpunga pale Lumemo kwa mambo mawili: kukoboa, na kuniangalia nikishika eksozi. Injini ikishanguruma tangu asubuhi, lile bomba la moshi linakuwa la moto wa kukaangia samaki. Mimi nalishika kwa kiganja, nimetulia, huku naongea na wateja habari za mvua. Akina mama wanapiga kelele, wanaziba macho. Vijana wanasema, "Huyu mzee ni chuma." Nami nawajibu, "Chuma kinashika kutu. Mimi sishiki."

Nayaandika haya nikiwa nimeshamaliza dawa. Nakuandikia wewe uliyekaa kwenye benchi la kliniki na kadi mkononi, umeigeuza ili jirani asisome. Nami niliigeuza. Shule niliishia darasa la tatu, lakini usiwe na wasiwasi na maandishi yangu. Mtu aliyefungua injini nzima na kuifunga tena bila kitabu, na isibaki skrubu hata moja chini, hawezi kushindwa na kalamu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mimi nina miaka arobaini na sita. Watu wananiita Baba Agripina, kwa jina la binti yetu wa kwanza. Siku hiyo mpunga ulikuwa mwingi, foleni ya magunia imefika barabarani. Nikashika eksozi kama kawaida yangu. Nikaanza kumsimulia mteja mmoja jinsi nilivyofunga mkanda mpya peke yangu. Nikanogewa. Mama mmoja aliyekuwa anapepeta mchele akanusa hewa, akasema, "Nani anachoma nyama hapa?" Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Kisha yule mama akaninyooshea ungo: "Baba Agripina, ni wewe! Unaungua!"

Nikautoa mkono. Ngozi ya kiganja ikabaki kwenye bomba.

Sikusikia kitu. Nakuambia ukweli, hata kama kung'atwa na siafu, sikusikia.

Hospitali ya misheni nilikwenda kwa ajili ya kidonda tu. Nilikaa benchini tangu asubuhi mpaka jua likawa la utosi, nikimweleza kila aliyekaa karibu kwamba sina shida, nimekuja kufungwa bendeji. Nesi aliyeniita anaitwa Blandina, mama wa makamo, mfupi, asiyependa maneno mengi. Alikitazama kidonda, akalitazama na lile baka jeupe lililokuwa sehemu ya juu ya mkono wangu kwa miaka miwili, ambalo mimi nililiita utangotango, ugonjwa mdogo wa ngozi.

"Fumba macho," akasema. "Nikikugusa kwa pamba, weka kidole pale nilipogusa."

Nikafumba. Nikangoja. Nikangoja sana, nikaona mama huyu anachezea muda wangu.

"Anza basi, nesi. Nimeacha mashine inaunguruma."

"Nimeshamaliza," akasema.

Nikafumbua macho. Pamba ilikuwa imelala juu ya mkono wangu, nyeupe, nyepesi, na mimi sina habari nayo. Niliitazama ile pamba muda mrefu. Uchuma wangu wote ule, sifa zote zile nilizopigiwa makofi, ulikuwa ni ukoma.

Sitakueleza habari za wadudu na mishipa, hayo wanayajua wao. Nitakueleza niliyoyaona. Dawa inatolewa kwa pakiti, pakiti moja kwa mwezi, na vidonge vya kwanza unavimeza mbele ya nesi, anakuangalia mpaka vishuke kooni. Mkojo unakuwa mwekundu kama maji ya rozela, usiogope. Ngozi inabadilika. Mimi niligeuka mweusi wa kung'aa, kama sufuria ya kuni, na kwa kuwa nilikuwa mweupe wa kujivunia, hilo liliniuma. Na Nesi Blandina aliniambia jambo ambalo nalirudia kwako kwa herufi kubwa za moyo wangu: ukishaanza dawa, humwambukizi mtu.

Nililipeleka neno hilo nyumbani kama mtu anavyopeleka nyama. Halikupokelewa.

Nyumbani kwetu tulikuwa tunakula sinia moja. Kabla ya kula, mke wangu Generosa anapita na jagi na beseni, anamnawisha kila mtu. Ananishika mkono, anamimina maji, anafuata mwingine. Kumnawisha mtu ni kumwambia kaa, chakula hiki ni chako. Siku ile ile kaka yangu mkubwa, Odilo, alifika na shauri lake.

"Mdogo wangu, hatukufukuzi. Lakini kuna watoto humu. Ule pembeni."

"Nesi amesema..."

"Nesi anakula na wewe?"

Nikamtazama Generosa. Generosa akatazama chini. Jioni ile nikaletewa bakuli langu la bati peke yangu. Na alipokuja kuninawisha, jagi lilikuwa juu, usawa wa kifua chake, maji yakashuka kama ya bomba la shule, yakanirukia mpaka magotini. Mkono wangu hakuushika.

Usimhukumu. Nami nilimhukumu, nikakosea. Bibi yake kule Uchindile alikuwa na ugonjwa huu huu zamani zile, akajengewa kibanda mwisho wa shamba. Generosa akiwa mtoto ndiye aliyetumwa kumpelekea chakula. Aliambiwa: weka chini, kimbia, usigeuke. Mtu aliyefundishwa kukimbia akiwa na miaka saba hawezi kusimama kwa sababu ya neno la nesi.

Pakiti ya tano ilinikuta masika. Mto Lumemo ulikuwa umefurika, mashamba yote ni maji. Nikaamka kiwiko kinauma kama umeme unapita ndani, na vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vimejikunja. Nikavinyoosha kwa mkono wa kushoto, vikajikunja tena. Baada ya wiki, vyote vitano vimejikunja kama mguu wa kuku aliyekufa.

Nikalazwa. Nesi Blandina hakuzungusha maneno. "Mishipa imewaka. Tunakupa dawa ya kuizima. Miezi hii michache ndiyo itakayoamua. Mkono huu ama utafunguka, ama utabaki hivyo."

Sasa elewa mkono huo ni mkono gani. Nyumba yangu ya bati, niliijenga kwa mkono huo. Mashine tatu, nilizifunga kwa mkono huo. Hata kibao cha mashine, MASHINE BORA LUMEMO, niliandika mwenyewe kwa rangi ya mafuta, na watu walidhani nimeleta fundi kutoka Morogoro. Nikilala wodini naukumbatia mkono kifuani kama mtoto mchanga.

Kitanda cha pili alilala Msukuma mmoja, Masanja, aliyeshuka bondeni na ng'ombe zake miaka ya karibuni. Yeye alikuwa na vidonda vya nyayo. Dawa ya kuzima mishipa ilinivimbisha uso na kunipa njaa ya ajabu, na Masanja hakuniacha.

"Mla samaki, uso umekuwa boga. Ukitoka hapa watakuvuna."

"Na wewe mchunga ng'ombe, wakikosa mbolea watajua pa kuipata."

Tulicheka, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kucheka naye. Mke wangu alikuja Jumapili, akaweka kikapu mlangoni, akasimama dirishani nje, akaniuliza hali. Odilo hakuja kabisa.

Kila asubuhi kazi yangu ilikuwa moja: kuloweka mkono kwenye beseni la maji, kuupaka mafuta, kuulaza juu ya paja na kuunyoosha kidole kimoja kimoja. Na kila Ijumaa Nesi Blandina anauweka mkono juu ya karatasi, anauzungushia kalamu, anaandika chini siku. Alikuwa anazilinganisha karatasi hizo. Ijumaa nne mfululizo mchoro ulikuwa ule ule, kama jiwe.

Ijumaa ya tano akaja na kibati chenye kutu pembeni. Alikitoa kabatini, kwenye chumba wanachoshonea viatu vya wagonjwa. Kilikuwa cha sista mmoja Mzungu aliyerudi kwao. Ndani vimo vidonge vidogo vya mraba, vya rangi.

"Na hivi navyo vinamezwa mbele yako?" nikamwuliza.

Siku hiyo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza. Akachukua brashi, akaifunga kwenye vidole vyangu kwa kipande cha mpira wa tyubu. "Usitengeneze kitu. Chovya majini, zungusha mkono. Ni mazoezi tu."

Kumwambia mtu kama mimi asitengeneze kitu! Nikamweleza habari za kibao changu. Nikasugua kile kidonge, nikapakaza karatasini nene nene, kama ninavyopaka ubao. Karatasi ikalowa, ikavimba, ikatoboka. Ya pili ikatoboka. Masanja akasema, "Fundi wa Morogoro."

Nikakasirika. Ya tatu nikaimwagia maji yote, bora iharibike moja kwa moja. Kisha nikaigusa kwa ncha ya brashi yenye bluu, mara moja tu.

Jamani.

Ile bluu ikatembea. Sikuisukuma. Ilitoka pale nilipoiweka, ikaenda yenyewe, taratibu, ikitanguliza vidole vidogo vidogo, ikaingia pale palipokuwa na bonde, ikapaacha pale palipokuwa na mwinuko. Nikaujua mwendo ule. Ni mwendo wa maji unapofungua tuta na kuyaruhusu yaingie kwenye jaruba la mpunga. Nimekua nikiyatazama hayo. Nikainua kidogo ukingo wa ubao uliokuwa chini ya karatasi, kwa kiwiko. Bluu ikageuka, ikafuata. Nikaushusha, ikasimama.

Nilinyamaza. Wanaonifahamu wanajua kwamba hilo peke yake ni tukio.

Tangu hapo hakuna aliyenifundisha. Nesi hakujua, Masanja hakujua, na kitabu hata kama kingekuwepo, cha Kizungu, ningekisomaje? Nilijifunza kwa kuharibu. Shida kubwa ilikuwa hii: ukiongeza rangi ya pili karatasi ikiwa imelowa sana, inapotea, ikiwa imekauka, inakaa juu kama kiraka. Mtu mwenye mikono mizima angeigusa karatasi kwa mgongo wa kidole, akajua. Mimi nikiigusa, ni kama kumwuliza gogo.

Basi siku moja nikamkumbuka baba yangu shambani. Mbegu ya mpunga iliyoanza kuota huimwagi kwenye matope yanayong'aa kama kioo, itazama. Wala huingoji mpaka mng'ao ufe, ndege watakushukuru. Unachuchumaa, unalaza jicho usawa wa matope, unatazama mng'ao unavyoondoka. Kuna dakika chache unapokuwa unaondoka. Hapo ndipo unamwaga.

Nikalaza shavu kitandani, jicho usawa wa karatasi. Mng'ao ulikuwepo. Nikangoja. Ukaanza kufifia kutoka pembeni. Nikagusa kwa rangi ya kijivu kando ya ile bluu, na zikashikana bila kupotezana, na mbele ya macho yangu ikatokea milima ya Udzungwa, asubuhi, na ukungu wake miguuni. Milima ile ile niliyokuwa naiona kila siku tangu kuzaliwa. Niseme nilikuwa naipita. Kuiona, niliiona pale, kwenye karatasi, upana wa sahani.

"Masanja," nikasema. "Njoo."

Akaja akichechemea. Akatazama. Hakunitania. Akavua kofia.

Jambo jingine la kukuambia ni nyeupe. Kwenye kile kibati hapakuwa na nyeupe, nikasema Wazungu wamesahau. Nilikuwa nachora mashamba ya Lumemo yaliyofurika, napitisha brashi, mkono ukaruka, kama ulivyokuwa unaruka bila kuniambia. Ukaacha kidoa kisicho na rangi katikati ya maji. Nilikuwa tayari kuitupa.

"Hee," Masanja akasema. "Yangeyange huyo! Amesimama kwenye maji. Umemchoraje?"

Nikamjibu, "Kwa ujuzi." Leo nakiri hapa kwamba sikumchora. Nyeupe ilikuwa ni karatasi yenyewe, ilikuwepo muda wote chini ya mkono wangu, na ndege alitokea pale ambapo mkono mgonjwa ulishindwa kufika. Nililala na jambo hilo siku nyingi. Bado sijalimaliza.

Ijumaa ya tisa, Nesi Blandina alichora mkono, akaweka karatasi juu ya ile ya zamani, akainua zote mbili kwenye mwanga wa dirisha. Kidole gumba kilikuwa kimetoka nje ya mstari. Kidogo, upana wa punje ya mchele. Akanipa nitazame mwenyewe. Wiki iliyofuata kidole cha shahada nacho kikatoka. Ilipofika pakiti ya tisa, wakati watu wanavuna, vidole vitatu vilikuwa vimefunguka. Viwili vya mwisho vimebaki vimekunjika mpaka leo na vitazikwa hivyo. Niliruhusiwa kurudi nyumbani. Karatasi zile za mkono nimezitunza zote. Ukizipekua harakaharaka, mkono unafunguka.

Nyumbani nikaendelea. Karatasi ya sista iliisha, nikanunua manila dukani. Inajikunja ikilowa, kwa hiyo naibandika ubaoni pembe zote kwa uji wa ngano mpaka nimalize. Niliendesha baiskeli mpaka Kivukoni kutazama mto. Kiangazi watu walipochoma majani bondeni, nikagundua jua la jioni kwenye moshi lina rangi ambayo kibatini haimo, ni lazima uitengeneze kwa vidonge vitatu. Wateja wakarudi kidogo kidogo. Walikuja kwa mambo mawili: kukoboa, na kutazama picha nilizotundika juu ya magunia. Eksozi sishiki. Nimeizungushia wavu.

Lakini bakuli langu lilikuwa lile lile la pembeni, na jagi lilikuwa juu. Pakiti ya kumi na mbili, juu. Pakiti ya ishirini, juu. Picha zangu Generosa alizisifu, akizitazama kutoka mlangoni. Nilimweleza maneno ya nesi mpaka yakachakaa. Mkono ulikuwa umefunguka, na hapakuwa na mtu wa kuushika.

Nilipomeza kidonge cha mwisho cha pakiti ya ishirini na nne, Nesi Blandina alipiga muhuri kwenye kadi, akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. Nikarudi nyumbani. Sikumwonyesha Generosa kadi. Kesho yake nilikaa uani nikachora picha.

Nilichora mwanamke amesimama na jagi. Chini kabisa nikachora mikono ya mtu juu ya beseni. Kati ya jagi na mikono sikupaka kitu, niliacha karatasi, mstari mrefu mweupe wa maji. Nilitumia asubuhi nzima. Sikuwa na nia ya kumsema. Nilikuwa nataka tu kuyapata yale maji yanavyoshuka, kwa sababu nilikuwa nimeyatazama kila siku kwa miaka miwili, nikawa nayajua kuliko Lumemo.

Akapita na ungo. Akasimama. Mara hii alisogea.

"Huyu ni mimi."

"Ndiyo, mama."

"Hiyo kanga ninayo." Akainama zaidi. "Lakini jagi mbona umeliweka juu hivyo?"

"Ndipo linapokaa, Mama Agripina."

Alipeleka kidole chake kwenye picha, akakishusha polepole juu ya ule weupe, kutoka kwenye jagi mpaka kwenye mikono, kama mtu anayepima kina cha kisima. Kisha akasema, wala hakuwa ananiambia mimi, "Bibi alikuwa ananiita. Nilikuwa nasikia. Sikugeuka."

Akachukua ungo wake akaondoka.

Mchana tukaandaliwa chakula. Niliona bakuli langu la bati halipo, nikadhani limesahaulika. Sinia lilikuwa moja, wali na samaki, na watoto wamekaa. Generosa akaja na beseni na jagi. Akachuchumaa. Jagi akalishusha mpaka ukingoni mwa beseni, akaushika mkono wangu wa kulia, akaumiminia maji kutoka karibu kabisa, hayakutoa hata sauti. Akaosha kiganja pale palipobaki kovu la eksozi. Akavishika vile vidole viwili vilivyokataa kunyooka, akaosha na katikati yake.

Ngozi yangu haikuniambia kitu. Kwa hiyo nilitazama. Nilitazama kidole chake kikipita juu ya changu, povu, maji yakitafuta mabonde ya kiganja changu kama yanavyotafuta jaruba. Alipomaliza akaninyooshea kitambaa.

"Futa basi, chakula kinapoa."

"Ngoja kidogo," nikamwambia.

Mkono wangu ulikuwa unang'aa. Nikausubiri ule mng'ao uondoke.